Pepo Aliyependa Nyimbo

Nimelelewa katika Uanglikana wa Masasi, ule wa ubani na kitabu. Kwetu mtu akipiga kelele kanisani, ama amefinywa na jirani yake ama ana mtoto mchanga. Habari za pepo tulizisoma katika Injili, tukaitikia amina, tukaenda kula. Basi serikali iliponipanga kufundisha Kasulu, na wenzangu wakanialika kwenye kikundi cha maombi ambako pepo walikemewa kila Alhamisi jioni, nilikwenda kama mtu aendaye uwanjani bila timu: hashangilii upande wowote, lakini hataki kukosa bao.

Kikundi kilikuwa cha sisi watumishi wa kuja. Tulitoka Mbeya, Dodoma, Mtwara, kila mtu na dhehebu lake, tukakutana katika darasa moja la shule yetu baada ya kazi. Kiongozi alikuwa afisa mifugo. Siku nyingine alichanja ng'ombe, Alhamisi alitoa pepo, na kazi zote mbili alizianza kwa kukunja mikono ya shati. Alikuwa mtu mwema, nisije nikamsingizia. Aliamini kwamba Yesu aliyewaingiza pepo katika nguruwe hajastaafu, na kwamba sisi wa ubani tumelala usingizi. Mimi nilimwambia Mungu si kiziwi wa kupigiwa makelele. Tulibishana hivyo miezi mingi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kinyongo, akanifanya katibu.

Mwenyeji alikuwa mmoja tu, na nilimpeleka mimi mwenyewe. Ni mama mwenye nyumba wangu, mjane wa miaka kama sitini na tano. Alizaliwa Burundi, akavuka akiwa msichana, akaolewa huku na kupata uraia. Nyumbani alisema Kirundi, ambacho na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, na Kiswahili alikisema na wageni kama mimi. Dada yake wa pekee alikuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Kambi ilipofungwa mwaka 2012, dada huyo akarudi Burundi. Mama akabaki na mwanawe mmoja, mfanyabiashara wa maharage ambaye maisha yake yalikuwa barabara ya Kibondo, pamoja na mkwe, binti wa Kiha kutoka Makere, mwenye mimba ya kwanza. Mjukuu huyo alisubiriwa kuliko mvua. Kila asubuhi mama alimsalimu tumboni kwanza, ndipo amsalimu mkwe, na mimi mpangaji nikangoja zamu yangu.

Jioni ya kwanza aliimba vizuri mno. Sauti yake nzito iliinua darasa zima, hata afisa mifugo akafumbua jicho moja kuona ni nani. Kisha tukapiga magoti juu ya saruji kwa maombi ya toba, na toba ya afisa mifugo haikuwa fupi. Nusu saa ikapita. Hapo ndipo mama, kando yangu, alipoanza kuguna. Aaa. Akaguna tena. Halafu akatamka, kwa uchungu na kwa sauti ya kusikika hadi ubaoni, neno la chooni. Lile lenyewe, la herufi nne, ambalo mtoto wa darasa la pili akilisema anaoshwa kinywa.

Nikadhani masikio yangu yamechoka. Akalirudia. "Aaa... mavi. Aaa, mavi weee!"

Tulipoketi kuimba tena, akatulia, akaimba kama malaika. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile: kwenye nyimbo raha mustarehe, kwenye toba matusi. Na kila tulivyozidi kuomba ndivyo alivyozidi kulitaja. Ushahidi gani tena tuutake? Afisa mifugo akatoa hukumu kwamba ni pepo mchafu, wa aina ya kupenda nyimbo na kuchukia toba. Nami, niliyecheka pepo wa watu mwaka mzima, nilisalimu amri. Nikaandika kwenye daftari la kikundi, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa Kiswahili: "Mama mwenye nyumba. Pepo mchafu. Hutukana."

Mama mwenyewe tulimwambia kwa upole. Hatukulitamka neno, tuna haya zetu. Tulisema tu kwamba pepo hutukana kinywani mwake wakati wa maombi. Alishtuka, akashika mdomo, akamwita Mungu wake kwa Kirundi.

"Yoo, Mana yanje! Mimi, mwalimu?"

"Wewe, mama."

"Mimi nikisali nasahau kila kitu. Hata sijui nasema nini." Akafikiri kidogo. "Basi kama mmesikia, mmesikia. Aombewe, atoke."

Wiki hiyohiyo mkwe akajifungua salama hospitali ya Kabanga, mtoto wa kike. Afisa mifugo akanishauri kwamba mtoto mchanga ni mlango usio na komeo, bibi asimguse mpaka afunguliwe. Aliyeupeleka ujumbe huo ni mimi. Mkwe alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha.

"Mama yangu anatukana? Anasemaje?"

"Siwezi kulitamka," nikasema, na nikajiona mtu mwenye maadili.

Zilifuata wiki tatu ambazo sipendi kuzikumbuka. Mama alitii kupita tulivyomwagiza. Alichemsha maji ya mzazi, alipika uji, alifua nepi zote za mtoto na kuzianika kwa mpangilio kwenye kamba, lakini chumbani hakuingia. Alisimama nje ya dirisha akamwimbia mjukuu wake kupitia wavu wa mbu. Akisikia amenyamaza, anarudi jikoni. Jioni moja nilimkuta ameishika nepi iliyokauka, ameiweka puani, na aliponiona akaanza haraka kuikunja. Nikaingia chumbani kwangu nikalia, halafu nikakasirika: na pepo, na afisa mifugo, na mimi mwenyewe bila kujua kosa langu ni lipi.

Walimu wenzangu kila mmoja alikuwa na dawa. Mkatoliki akasema aitwe padri, kazi hiyo ina wenyewe. Msabato akasema mama ale mboga. Mwislamu tuliyekaa naye dawati moja aliuliza kwa nini huyo mama asipelekwe tu hospitali, na sote watatu tukamwona mgeni wa mambo ya kiroho.

Siku ya kumfungua ikawekwa Jumamosi asubuhi, baada ya kufunga siku tatu. Afisa mifugo alifika na Biblia kubwa, shati limekwisha kukunjwa. Mkwe naye akaja. Hakuna aliyemwalika, alisema amechoka kusikia habari za mama mkwe wake kwa watu wa Mbeya, anataka kuona kwa macho. Kwa sababu ya mtoto tukamwambia asiingie, akasimama mlangoni na mwanawe mgongoni.

Tukampigisha mama magoti katikati ya darasa. Tukamzunguka. Afisa mifugo akaanza taratibu, akapanda, akapanda, jasho likamtoka, nasi tukaitikia kwa nguvu hata kuku wa mwalimu mkuu wakahama. Robo saa, nusu saa, dakika arobaini. Mama ametulia tu, machozi yanamtiririka, midomo inasema ndiyo Bwana, ndiyo Bwana. Nikaanza kuogopa kwamba pepo ametuzidi ujanja. Kisha akayumba, akashika sakafu kwa viganja vyote viwili.

"Aaa, mavi! Amavi weee, arandya!"

"Huyo!" akanguruma afisa mifugo. "Amejitaja! Pepo wa uchafu, nakuamuru, toka sasa hivi!"

"Jamani!" Sauti ilitoka mlangoni. Mkwe alikuwa ameshika fremu, na uso wake sikuuelewa, kama mtu anayetaka kupiga chafya. "Ndilo tusi lenyewe hilo? Ndilo hilo mlilokuwa mnashindwa kunitamkia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwalimu! Amavi ni magoti! Mama anasema magoti yanamuuma!"

Ile "a" ya mwanzo, ambayo wiki zote tuliidhani mguno, ilikuwa sehemu ya neno. Mwanamke aliyelima kwa jembe la mkono miaka hamsini alipigishwa magoti kwenye saruji kavu, akaumia, na mtu akiumia sana hulia kwa lugha ya mama yake. Kwenye nyimbo alitulia kwa sababu kwenye nyimbo tuliketi!

Aliyeanza kucheka ni mkwe. Alicheka mpaka akachuchumaa, mtoto akiruka mgongoni. Likafuata darasa zima, watu wakashikana mabega, mmoja akalala juu ya dawati. Mimi, mwalimu wa Kiswahili niliyekaa mwaka na nusu katika nyumba ya mama yule nikijifunza Kirundi cha mezani tu, nilicheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa nimeona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Afisa mifugo hakucheka. Alivuta kiti cha mwalimu, akamwinua mama kwa mikono yake, akamketisha. Kisha akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, nisamehe. Pepo wapo, hilo sitaliacha. Lakini nimemkemea Bwana magoti, na Bwana magoti anahitaji daktari. Jumatatu nakupeleka Kabanga kwa pikipiki yangu."

Nami nikasogea. "Mama, mimi ndiye niliyeandika. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia mkweo."

Akanipapasa mkono. "Mwalimu, uliogopa kwa ajili ya mtoto. Hata mimi niliogopa." Halafu akatuangalia mmoja mmoja, sisi wenye vyeti na vyeo vyetu, na yeye peke yake katika darasa lile hakuwa na dalili ya kicheko. "Kwa hiyo sina pepo?"

"Huna, mama," akasema afisa mifugo.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanyoosha mikono kuelekea mlangoni. Mkwe aliingia huku akifungua kitenge, akampakatisha mtoto. Tulijikusanya kumtazama, lakini mama alikwisha kutusahau. Aliinamisha uso wake juu ya ule mdogo, akawa anarudia neno moja polepole, "Ni jewe. Ni jewe, mwana wanje." Ni mimi, ni mimi, kana kwamba wiki zile tatu mtoto alikuwa akimuuliza.