Mate ya Mama Wangwe

Mimi ni Mngoni wa Songea, na Serikali iliponipangia kazi ya unesi katika zahanati ya Matongo, kule Tarime, nililia mpaka mama yangu akanichoka. Nilikuwa nimeambiwa Wakurya ni watu wa mapanga. Nikapanga chumba Kerende, kijiji cha jirani, kwa mjane mmoja anaitwa Robi, ila watu wote wanamwita Mama Wangwe kwa jina la mwanawe wa pekee. Sijamaliza hata kufungua mabegi, wezi wakaingia zizini alfajiri. Yule mama alitoka na gauni la kulalia na rungu la marehemu mumewe. Alirudi na ng'ombe wake wote na kiatu kimoja cha mwizi.

"Nesi, umelala salama?" akaniuliza, huku anakitundika kile kiatu getini. Kipo mpaka leo.

Mimi naogopa, sifichi. Naogopa nyoka, radi, mbwa wa jirani na mvulana akichomoa kisu kumenya muwa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nachagua kicheko. Lakini huyu mama sikuwahi kumwona akiogopa kitu, mpaka ule mwezi wa tano wa mwaka 2020, wakati wa corona.

Isack, rafiki yake Wangwe, alipiga simu kutoka Dar es Salaam siku ya Ijumaa. Wangwe alikuwa amegongwa akiwa kwenye bodaboda, mguu umesagika, na sasa umeoza. Madaktari wanataka kuukata chini ya goti. Wangwe amekataa. Nikachukua simu mimi, nikamfokea kinesi kabisa, nikamweleza sumu ikipanda kwenye damu itakuwaje. Akasikiliza kwa adabu.

"Shikamoo, dada Stefania. Nimekuelewa. Mpe mama."

Alipopewa mama yake, akasema maneno machache tu. "Mama, siingii huko mpaka unitemee mate."

Hapo nikamwona Mama Wangwe akikaa chini, mavumbini, na kitenge chake kipya.

Ngoja nieleze. Miaka miwili nyuma Wangwe alichukua mtamba wa mama yake, akampeleka mnadani bila kuaga, akamuuza. Mama akamfukuza getini, majirani wanasikia: "Nenda! Na hapa hutarudi kwa miguu yako!" Huku neno la mzazi halitupwi hewani. Likitoka limetoka, na aliyelisema ndiye anayelitengua: anamtemea mwanawe mate kidogo kifuani, anasema maneno mema. Sasa mguu umesagika. Utamwambiaje Wangwe kwamba ni gari tu lilimgonga? Na utamwambia nini mama yake?

Alijaribu kwa simu, masikini. Aliiweka mdomoni, akatema, pu, pu, akasema maneno yake ya Kikurya, akaipangusa kwa kitenge.

"Mama," Wangwe akajibu, "nasikia tu sauti. Hayajafika."

Daktari alikuwa amemwambia Isack kwamba ikipita Jumatatu, haitakuwa habari ya mguu tena, itakuwa habari ya roho. Mpaka nauli ipatikane basi la Jumamosi lingekuwa limeondoka, na la Jumapili lingetufikisha Dar lini? Na ndege zilikuwa zimepunguzwa kwa ajili ya ugonjwa. Kutoka Mwanza ilibaki moja ya Jumapili asubuhi, ya kampuni ndogo. Ng'ombe wawili wakauzwa mnadani. Mganga wangu mfawidhi akaniruhusu kumsindikiza, na mimi nikakubali kabla sijakumbuka kwamba sijawahi kupanda ndege.

Jumamosi tukiwa njiani kwenda Mwanza ilibidi niseme. Ningekaaje kimya na mimi ndiye nesi?

"Mama, huu ugonjwa unatembea kwenye mate. Ukiuokota kwenye ndege, utampelekea Wangwe mdomoni mwako. Na yule ana kidonda, hana nguvu."

Akageuka polepole. "Kwa hiyo mate yangu yatamuua?"

"Sijasema yatamuua. Nasema yanaweza."

"Na nisipompa, Nesi?"

Tulishavuka Bunda ndipo akatoa barakoa mbili kwenye mkoba, akazivaa zote, na juu yake akazungushia mtandio.

Tulilala Nyakato kwa mdogo wake, Gati. Asubuhi nikaenda kuoga. Narudi, nakuta uani rundo la mablanketi linafuka moshi. Jamani! Nikafunua. Mama Wangwe alikuwa ameinamia sufuria la mwarobaini, mchaichai na majani ya mkaratusi, jasho linamchuruzika, macho mekundu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nasafisha mdomo," akasema. "Gati anasema nyungu inaua kila kitu."

"Leo? Na uwanja wa ndege wanapima joto?"

Gati akaziba mdomo kwa kiganja. Muda wa kungoja apoe haukuwepo. Tukaondoka hivyo hivyo, mama wa watu anatoa mvuke.

Pale mlangoni alikuwepo kijana mwenye kile kipimo wanachokulenga nacho kwenye paji la uso. Kilimlilia Mama Wangwe. Kijana akatazama, akarudi nyuma, akapima tena. Thelathini na nane na ushee.

"Mama, kaa pembeni. Dada, na wewe."

Watu waliokuwa nyuma yetu wakatawanyika. Mzee mmoja aliacha hata begi lake. "Amejifukiza!" nikapiga kelele. "Mimi ni nesi, nimemwona kwa macho yangu! Ni nyungu!"

"Dada yangu," akasema yule kijana, "tangu wiki iliyopita sijapata mwenye homa hata mmoja. Wote wamejifukiza."

Hata hivyo alikuwa na utu. Akatuonyesha benchi la nje, upande unaovuma upepo wa ziwa. Mama akipoa, atapanda. Asipopoa, atapelekwa kutengwa, na hata mimi. Nikamvua sweta, nikamvua mtandio, nikampepea kwa kanga kama napepea jiko lenye mkaa mbichi. Yeye ametulia tu, anatazama ndege yetu pale mbele, ndogo, ya mapangaboi, watu wanaanza kupanda.

Nikiwa napepea, wazo likanijia. Na kama si nyungu? Na kama ni homa kweli, ameitoa Tarime, ameitoa mnadani alikouza ng'ombe katikati ya umati? Nikaacha kupepea. Mungu anisamehe, nikasogea hatua moja. Mama Wangwe akaniona.

"Hata mimi nimewaza hivyo, Nesi," akasema. "Pepea."

Kipimo cha tatu kikakubali. Tulikimbia mpaka viatu vikatutoka.

Kwenye ndege sitaki kudanganya kwamba nilikuwa mtu mzima. Ilipoanza kunguruma nilimshika Mama Wangwe mkono, nikaanza Salamu Maria, nikachanganya na Baba Yetu. Tulipofika kwenye mawingu ikashuka ghafla. Weee! Nilipiga yowe, abiria wakapiga yowe, mtu wa kiti cha nyuma akaanza kukohoa. Si kikohozi cha kusafisha koo. Ni kile cha kutoka chini kabisa, kinapumzika kidogo halafu kinarudi. Watu wote wakasahau kwamba ndege inaweza kuanguka, wakageuka kumtazama yeye.

Mama Wangwe hakugeuka. Aliinama mpaka magotini, akajifunika kichwa kizima kwa mtandio, akabaki hivyo. Walipoleta maji akatikisa kichwa. Walipoleta biskuti akatikisa kichwa. "Mama, kunywa basi, hujatia kitu kinywani tangu alfajiri," nikamwambia. Akatoa kidole kwenye mtandio, akauonyesha mdomo wake, kisha akaonyesha mbele, tulikokuwa tunakwenda. Hakutamka neno hata moja kutoka Mwanza mpaka Dar. Alikuwa anatetemeka. Yule mwanamke aliyemvua mwizi kiatu alikuwa anatetemeka, barakoa imelowa machozi, na mimi nilipomwona hivyo ndipo nilipoogopa kweli kweli, maana sasa aliyebaki wa kunishika mkono hakuwepo.

Isack alitupokea, akatufikisha hospitali. Getini walikuwa wanaruhusu ndugu mmoja tu. Nikaonyesha kitambulisho changu cha kazi, nikaingia naye. Sista wa wodi akatupa dakika chache. Barakoa zisivuliwe, mgonjwa asiguswe.

Wangwe alikuwa amekonda, macho yamebaki makubwa. Harufu ya ule mguu niliijua kabla sijafika kitandani, na nikajua daktari hakusema uongo.

"Shikamoo, mama. Umekuja na nini?"

"Ndege, mura." Alimwita kijana, kwa Kikurya, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Sista akaitwa kitanda kingine. Mama Wangwe akashusha barakoa ya juu, akashusha ya chini. Akafungua shati la mwanawe. Akainama, akakusanya midomo, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Ulimi ulikuwa mweupe, midomo imepasuka.

"Yamekauka," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimeogopa."

Wangwe akamtazama mama yake kama mtu mgeni. "Wewe, mama? Umeogopa nini?"

"Niliogopa ndege. Niliogopa kile kipimo. Kuna mtu alikohoa nyuma yangu, nikamwogopa. Sasa naogopa mdomo huu. Ulikutoa nyumbani, Wangwe. Nikikutemea naogopa, nisipokutemea naogopa." Akaanza kulia kwa sauti, pale wodini, bila aibu.

Wangwe akanyoosha mkono kwenye kimeza, akachukua chupa yake ya maji. "Kunywa, mama. Unitemee. Mimi siogopi."

Akaishika ile chupa. Hakunywa. Akanigeukia mimi.

Hakumtafuta daktari wala sista. Alinitazama mimi, Stefania, nesi mwoga wa Matongo, akingoja nimwambie ndiyo au hapana. Na mimi nilijua yote niliyofundishwa. Nilikuwa bado namsikia yule mtu wa kiti cha nyuma. Nilijua pia kwamba nikisema hapana, yule kijana atabaki na mguu wake mpaka Jumatano, atazikwa nao.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nikageukia ukutani.

Nikasikia anakunywa. Nikasikia pu, pu, na maneno mengi ya Kikurya, na humo nililitambua moja tu, la mguu, maana wagonjwa wangu wanalilalamikia kila siku. Nilipogeuka, Wangwe alikuwa amelowa kifua na anaomba kalamu atie sahihi.

Walimkata Jumatatu asubuhi. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini sisi ndipo tulipoanza kukaa roho juu, chumbani kwa Isack kule Mbagala, na Mama Wangwe hakuuliza kidonda wala mguu. Kila Isack akipiga simu kutoka hospitali, anauliza neno moja: "Amekohoa?" Chakula hakiliki, usingizi hauji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini ule wa kipindi kile tuligawana.

Hakukohoa. Mwezi wa nane alirudi Kerende, akashuka kwenye gari kwa gongo lake, akakataa kushikwa, akaingia getini mwenyewe. Sasa ndiye anayekamua ng'ombe. Mama yake amerudia ukali wake wote. Juzi amemfukuza ofisa mifugo kwa sababu ambazo mpaka sasa sizielewi.

Ila jioni tukiwa jikoni, kuni zikiwa mbichi, moshi ukimwingia Wangwe kooni akakohoa, Mama Wangwe anaacha kusonga ugali. Hamtazami mwanawe. Ananitazama mimi, vile vile kama siku ile, mwiko mkononi.

"Moshi, mama," namwambia. "Ni moshi tu."

Anaendelea kusonga. Na mimi nabaki nimetega sikio, nangoja kama atakohoa tena.