Mtihani Mmoja Ambao Nakhungu Alipita

Wewe unayesoma hii, kuna tabia yenu moja imenichosha. Kila nikiandika juu ya mtoto ambaye kusoma kunamshinda, mnakuja huko chini kwa komenti mbio mbio. "Sisi tulichapwa na tukajua." "Huyo ni kiboko tu anataka." "Siku hizi kila mvivu ana ugonjwa." Mnaandika, mnapeana vidole gumba, mnaenda kulala. Leo sina nguvu ya kubishana. Leo nawapa habari ya Nekoye, msusi wa Kondele, na msichana wake Nakhungu. Mkimaliza mkirudi bado na kiboko chenu, hapo sasa nitajua naongea na ukuta.

Nekoye alikuja Kisumu kutoka pande za Kimilili akiwa bibi ya Masinde, fundi wa karakana ya reli. Walikaa Kaloleni, kwa zile nyumba za kaunsili. Mchana Nekoye alisuka nywele kwa baraza ya duka moja Kondele. Kisomo chake kilikuwa cha darasa la saba, lakini gazeti alikuwa analisoma mpaka matangazo ya vifo, na mdomo wake ulikuwa unafanya kazi kuliko vidole. Wateja wengi walikuwa Wajaluo, yeye Mbukusu, kwa hivyo pale baraza ilikuwa Kiswahili cha viraka na kucheka sana.

Nakhungu ndiye alikuwa kifungua mimba wake. Ulimi aliurithi kwa mama. Taarifa ya habari ikiisha kwa redio, yeye alikuwa anairudia yote, na sauti ya mtangazaji pamoja, mpaka Masinde anaweka kikombe chini acheke. Lakini mwekee kitabu mbele. Neno "kiti" anaweza kulisoma hapa juu, ukimshukisha mistari miwili akutane na "kiti" hiyo hiyo, anaiangalia kama mgeni ambaye hajawahi kumwona. Kufika 1988 alikuwa darasa la tatu mara ya pili, na wadogo zake walikuwa wanamfikia.

Msidhani watu walikaa tu. Nekoye alitafuta msaada kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, kila boma anabisha. Mama mkwe alikuja kutoka nyumbani akasema jina limemkataa mtoto, kwamba yule Nakhungu wa zamani aliyerithiwa jina hataki kuitwa ovyo. Kuku akachinjwa, mtoto akapewa jina la pili, na kusoma kukabaki pale pale. Wakaenda kupimwa macho. Macho hayakuwa na shida, lakini jamaa mmoja mwenye kibanda akawauzia miwani hata hivyo, na shuleni wakaanza kumwita Bibi Hakimu. Halafu kukawa na mhubiri wa Kondele aliyekuwa anauza mafuta ya akili. Unapaka kwa paji la uso kabla ya somo. Nakhungu alikaa wiki nzima aking'aa kama sufuria.

Ni Selpha aliyemwambia jambo la maana. Selpha alikuwa mwalimu wa nasari, mteja wa kila mwezi, na alikuwa ametoka semina. Kichwa chake kikiwa katikati ya magoti ya Nekoye, alisema kuna watoto macho yao ni mazima na akili ni nzima, ila herufi hazitaki kukaa mahali pamoja. Ni kitu kinajulikana. Kina jina, disleksia, na kuna namna ya kuwafunza hao watoto, polepole, kwa sauti, kwa mchanga na vidole. Lakini kwanza lazima mtoto apimwe, ndio shule ikubali. Mpimaji alikuwa anakuja mjini mara moja kwa muhula, kwa chumba kidogo nyuma ya kanisa.

Nekoye aliacha kusuka. Akamuuliza anapima aje.

"Si kitu ya kuogopesha, Mama Nakhungu," Selpha akamwambia. "Anamsomesha tu kile kitabu cha mbuzi, cha darasa la tatu. Ni hicho hicho miaka yote."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nataka muone vile yaliharibika bila mtu yeyote kuwa mbaya. Kwa hii nchi yetu mtoto haambiwi kuna kupimwa. Anaambiwa kuna mtihani. Na mtihani unapitwa. Ukiufeli umeaibisha mama yako, ukoo wako na mwalimu wa Sunday School. Tena Nekoye alikuwa amesikia kwamba wanaoanguka kwa huyo mpimaji wanapelekwa shule ya punguani, huko mbali, na hawarudi. Hakuna mtu aliyemkalisha chini akamwambia, mama, safari hii tunataka aanguke. Tukimwona ameanguka ndio tutajua pa kumshika.

Kwa hivyo akafanya kile mama yako angefanya. Akaenda kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, akakitafuta cha mbuzi, akakipata, jalada halina. Kuanzia hapo kila mchana baada ya shule Nakhungu alikuja Kondele. Vidole vya Nekoye viko kwa nywele, kitabu kimefunguliwa kwa mapaja ya mteja, yeye anasoma sentensi kwa sauti na mtoto anairudia. "Palikuwa na mbuzi aliyekataa kuvuka mto." Palikuwa na mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Wateja nao wakashika. Kuna mama muuza omena aliapa kwamba bwanake amemlalamikia, usiku anaota akitaja mbuzi. Mwingine akawa anauliza kabla hajakaa, "Huyo mbuzi yenu amevuka ama bado?"

Ilikuwa raha, hiyo ndiyo inauma. Nakhungu alikuwa hajawahi kufurahia kitabu maisha yake yote. Alishika kurasa zote, na picha akajua iko wapi, na mahali pa kupumua akajua.

Siku ikafika. Mpimaji alikuwa anaitwa Bwana Dalmas, mtu mpole, tai fupi, amechoka kama mtu yeyote anayefanya kazi ya watu kumi. Nje wazazi walikuwa wamejaa kwa benchi na wengine wamekaa kwa nyasi. Aliwaingiza Nekoye na mtoto, akauliza mambo mawili matatu, akamwambia mtoto aandike jina lake. Jina alikuwa amelifunzwa. Halafu akatoa kitabu cha mbuzi.

Nakhungu alisoma. Alisoma vizuri mpaka mtu wa benchi karibu na dirisha akanyamaza kusikiliza. Bwana Dalmas alikuwa ameinamia karatasi zake, anaandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nekoye peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia kitabu. Na akaona. Mtoto alikuwa amefika mahali mbuzi anaongea na chura, lakini kwa ukurasa uliokuwa mbele yake bado mbuzi alikuwa juu ya kilima, chura hakuna. Alikuwa amesahau kufungua ukurasa. Hakukuwa na neno hata moja kwa ile karatasi lililokuwa linatoka kwa ule mdomo.

Kama ungekuwa wewe? Mtoto anapita kwa mara ya kwanza, anang'aa, na safari hii si mafuta. Nekoye angeweza kunyamaza. Lakini nampa heshima yake, hakunyamaza. Alimtuma Nakhungu nje, wale wa benchi wakampokea kwa makofi, na mlango ulipofungwa akasema.

"Ameikariri, Bwana Dalmas. Mimi ndio nilimfunza. Huyo hajui kusoma."

Bwana Dalmas akacheka, si kwa ubaya. "Mama, hapa watu huniletea watoto wasiojua na wanalia. Wewe umeniletea anayejua na unalia."

"Mpe kitabu ingine."

"Sina ingine."

Nekoye akamwangalia. Akasema hata gazeti ingetosha, hata Biblia. Bwana Dalmas akasema hawezi kupima mtoto na gazeti, kipimo ni kipimo. Halafu akasema ile kitu ambayo Nekoye alikuwa anairudia mpaka uzee wake, kila mara na hasira mpya.

"Na kama kichwa inaweza kubeba kitabu mzima, hiyo kichwa iko sawa. Mwambie tu aongeze bidii."

Kichwa iko sawa! Si ndio hiyo mama alikuwa anasema? Si ndio maana alikuja? Mtoto mwenye kichwa sawa, hajui kusoma, na mpimaji yuko na jibu mikononi na analitumia kufungia mlango. Miaka yote na kitabu kimoja. Ofisi iliyomtuma haikuwahi kumpa cha pili, na yeye hakuwahi kupiga kelele apewe. Akafungua mlango akaita mtu wa pili.

Shule ikaletewa ripoti kwamba huyu hana tatizo lolote. Sasa sikilizeni vizuri, watu wa kiboko. Mwalimu wake, Bwana Opiyo, hakuwa akimchapa. Kabla ya hapo alikuwa anamhurumia. Alimweka nyuma, akamwachia kufuta ubao na kuimbisha darasa, akidhani pengine alizaliwa na kasoro. Ripoti ilipofika alimwita mbele.

"Kumbe ulikuwa unanichezea, nyathina, mtoto wangu," akasema. "Miaka mbili nakuhurumia, kumbe ni uvivu."

Kuanzia siku hiyo alichapwa. Kila asubuhi ya kusoma, na kila asubuhi ilikuwa ya kusoma. Alichapwa sawasawa vile nyinyi mnapenda, na mwalimu aliyekuwa na ushahidi kutoka kwa mtaalamu. Alijua kusoma? Hakujua. Alichojua ni kutapika kabla ya kutoka nyumbani. Nekoye alienda shuleni akaeleza habari ya kitabu cha mbuzi, na Bwana Opiyo akamwuliza, kwa heshima kabisa, sasa tuamini wewe msusi ama tuamini serikali. Masinde naye akasema basi, mama, wacha, umetuaibisha ya kutosha. Nekoye akarudi kwa mpimaji muhula uliofuata. Akaambiwa aliyepimwa hapimwi tena.

Walimvuta hivyo hivyo mpaka darasa la saba. Hapo mwalimu mkuu akamwita Nekoye, akamwambia waziwazi kwamba hawezi kumwandikisha mtihani wa darasa la nane kwa sababu atavuta wastani wa shule chini. Arudie, au atafute shule nyingine. Nakhungu hakurudia na hakutafuta. Alivua sare, akakaa kwa stuli karibu na mama yake, akaanza kufumua nywele za watu. Kitabu hakuwahi kushika tena, hata cha nyimbo kanisani. Nyimbo alizijua zote.

Aliolewa Sondu na mfanyabiashara wa viazi. 1998, siku ya soko, Nekoye aliamka akaenda huko, kwa sababu Selpha alikuwa amemletea habari. Kuna mtawa mmoja amefungua darasa, anapima watu vizuri, na vitabu vingi, na vya kubuni papo hapo, na hata watu wazima anawachukua. Selpha alikuwa ameenda mwenyewe akaona. Mwanamke wa miaka arobaini, Selpha alisema, sasa anasoma barua zake mwenyewe.

Alimkuta Nakhungu ameketi kwa gunia, mtoto mgongoni, anaita wateja kwa lugha tatu. Nekoye alimweleza yote. Alimwomba msamaha pia, kwa yale ya kitabu, kwa maneno mengi mpaka wanunuzi wakaanza kusikiliza. Nakhungu aliendelea kupanga viazi. Halafu akasema hataenda.

"Mama, mimi nilipimwa. Nilipita."

"Hukupita, mwanangu. Unajua."

"Najua." Akaongeza kiazi kimoja kwa rundo la mteja, akampa, akashukuru. "Ni mtihani mmoja tu nimewahi kupita maisha yangu. Watu walinipigia makofi hapo nje. Sasa unataka unipokonye hata huo?"

Nekoye alikaa pale mpaka soko likavunjika, akimsaidia kufunga magunia, na walipoagana hawakutaja hiyo habari tena, siku hiyo wala baadaye.

Sasa wewe. Wacha komenti. Kama kuna mtoto kwako anapigana na herufi, mpeleke apimwe, na kabla hamjaenda usimfunze kitu. Hata jina lake. Ukifika uliza mpimaji ana vitabu vingapi, na akitoa kimoja ambacho mtoto amewahi kukiona, simama pale mlangoni ukatae kutoka. Mwache mtoto aanguke mbele ya mtu huyo. Na akianguka, tafadhali, umpigie makofi.