Monari na Tangazo la Neema

Mjini Migori, sauti ya Monari ikisikika barabarani watu huzima redio na kusogea mlangoni. Yeye ndiye mtangazaji wa misiba. Hupita mitaa yote ya Suna na vipaza sauti juu ya pikapu yake kuukuu, akitaja kwa Kiswahili, Kijaluo na Kikuria ni nani amefariki na atazikwa lini. Hatangazi kifo kabla ya kuongea na mtu wa boma lenyewe. Serikali nayo humkodi wakati wa chanjo.

Kwa hiyo Elvis, kijana wa bahati nasibu ya serikali iitwayo Neema ya Wote, alimfuata hadi gereji na karatasi ya tangazo.

"Mzee, hii si kama hizo kampuni za beti. Hii ni ya serikali. Mtu akipoteza, pesa yake inajenga zahanati."

"Kwa hivyo mnaomba wapoteze."

Elvis akacheka. "Wewe nawe. Soma tu hapa: Mama Filister wa Kisegi, muuza omena, ameshinda na kujenga nyumba."

"Nani wa kwao amekwambia?"

"Ofisi."

"Ofisi haina boma. Ngoja kwanza niende."

"Uende wapi? Kazi ya chanjo pia inapitia kwa bosi wetu, Mzee. Fikiria vizuri."

Monari alifikiria. Chanjo ndiyo iliyokuwa ikiwasomesha watoto wake. Hata hivyo alikwenda Kisegi, akiwa na hakika kwamba jina hilo halina mwenyewe.

Alimkuta Filister akianika omena, wale dagaa wa ziwani.

"Kushinda nilishinda," mama akasema. "Nyumba nilijenga, ile pale ya mabati ya buluu. Sasa ni ya Mwalimu Mochama. Nilimuuzia ili niendelee kucheza."

"Mbona wao hawasemi?"

"Siku ya kuhamia walinipiga picha. Ya kuhama hawakuja."

Monari akamtazama kwa jicho la pembeni. "Au una kinyongo nao?"

"Si uende umuulize Mwalimu? Miguu ni yako."

Akaenda. Mochama akathibitisha, bila kumwangalia usoni.

Aliporudi, Monari alimwambia Elvis, "Nitatangaza. Lakini nitasema pia kwamba nyumba imeuzwa."

"Hakuna tangazo la hivyo, Mzee."

"Basi tafuta mwingine."

Wakapata mwingine. Juma lililofuata gari jipya lilipita Suna likipiga muziki, likitangaza Neema ya Wote na chanjo ya polio kwa pumzi moja. Monari alisimama mlangoni kuangalia. Jirani mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisikiliza kidogo, akasonya, "Wezi hao," akafunga mlango. Wa pili naye akafunga.

Monari akaingia ndani, akamwambia mkewe, "Bonareri, vaa viatu. Twende nyumba kwa nyumba. Hiyo chanjo ni ya kweli."

"Na nani atatulipa?"

"Vaa kwanza."