Uzi wa Kijani

Miaka ya sabini Guleid alikuwa mlinzi wa stoo ya baruti kwenye machimbo ya mawe, barabara ya Kipsing. Baruti za kila fundi alizifunga uzi wa rangi yake, ili ikipotea moja ijulikane ilitoka kwa nani.

Siku moja Akiru, mama mfugaji, alikuja mbio. "Watoto wameokota baruti kisimani!"

Guleid alikwenda, akawaondoa watoto. Uzi ulikuwa wa kijani, rangi ya fundi Gedi, kaka wa mkewe Deqa.

"Sema ni ya mtu mwingine," Gedi alimsihi alipoulizwa.

"Shemeji, uzi nilifunga mimi. Nionyeshe zingine ulizochukua."

Gedi alilia, akamwonyesha alipozificha. Gedi alifukuzwa kazi. Deqa alinuna mwezi mzima, lakini Akiru alimletea Guleid maziwa kila Ijumaa.