Mkono Uliofanyia Mazoezi Ndani ya Plasta

Nilianguka kutoka kwenye kiti cha plastiki nikinyoosha pazia la kanisa. Lilikuwa limeshuka upande mmoja kiasi cha upana wa kidole, na hakuna mtu mwingine aliyeliona. Niliambiwa niliache. Sikuweza. Ndivyo nilivyovunja kifundo cha mkono wa kulia, mimi mwalimu wa kwaya, makambi, mikutano yetu Wasabato ya kila mwaka, yakiwa yamekaribia.

Hilo neno mwalimu wananipa kwa heshima tu. Sijasomea muziki popote. Sol-fa, zile noti za do-re-mi, nilijifunza mwenyewe, na kuongoza nilijifunza kwa simu, nikitazama video za kwaya za huku kwetu Homa Bay. Kwa kuwa anayerekodi huwa amekaa na waumini, nilichokiona kila mara ni mgongo wa mwalimu na mikono inayochomoza pande mbili. Nikauiga mgongo huo hadi nikaujua vizuri.

Wimbo wetu wa makambi ulikuwa na mahali pamoja palipokuwa pakininyima usingizi. Sauti zote zinanyamaza, kanisa linakuwa kimya kabisa, halafu besi wanaingia peke yao. Wakiwahi hata kidogo, wimbo umeharibika, na hakuna kuufunika. Mzee wa kanisa aliniambia kwa upole kwamba mtu mwingine angeweza kuongoza mwaka huu. Nikamwomba anisubiri plasta itoke. Kisha nikarudi nyumbani nikiwa na hofu tele, kwa sababu nilikuwa nimeomba kitu nisichojua kama nitakiweza.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtu akiwaza kuusogeza mkono, sehemu kadhaa za ubongo zinazoupangia mkono safari zake huamka na kufanya kazi, hata kama mkono wenyewe haujatikisika. Basi nikakaa kwenye kochi, plasta juu ya mto, nikaongoza kichwani. Chini, nje, juu. Chini, nje, juu. Nilijiona nimependeza. Kitu kimoja tu kilinishangaza: wimbo ulikuwa unaisha upesi mno, kabla kanda ya wimbo huohuo haijafika nusu.

Siku ya kutoa plasta nilimweleza dada wa mazoezi ya viungo pale kliniki. Alikuwa akiukunja mkono wangu, uliokuwa mwembamba kama wa mtu mwingine.

"Ukijiwazia hivyo, unajionanga ukiwa wapi?"

"Mbele ya kwaya."

"Hapana. Wewe unayeangalia, umesimama wapi?"

Nikafikiri. "Nyuma. Kwa viti."

Akacheka. "Sasa wewe umekuwa ukienda kanisani kutazama, omera, ndugu yangu. Hujaongoza."

Akaniambia nifumbe macho, niingie ndani ya mkono. Nisiuone, niusikie: uzito wake, kiwiko kinavyovuta bega, pumzi ninayoivuta kabla ya kuushusha. Nilijaribu palepale. Ilikuwa kazi. Pale mwanzoni sikupata chochote ila giza na maumivu. Halafu nikaziona sura zao, zile ambazo video hazikuwahi kunionyesha kwa sababu mwalimu alikuwa amezikinga: kina mama wa alto, besi kule nyuma na shingo zao ndefu, wote wakiningoja. Na wimbo ukachukua muda wake wote.

Ningependa kusema nilitulia tangu hapo. Lakini mtu mwoga akipewa chombo kizuri hukitumia kulishia hofu yake. Nilikuwa nikifika kwenye kile kimya, na kila mara nilijiwazia nimekosea: kiwiko kinaruka, besi wanaingia mapema, watu wanageuka kutazamana. Nililiwaza kosa hilo kwa bidii sana, kwa mwili mzima. Na kwenye mazoezi ya kwanza baada ya plasta, kiwiko kiliruka vilevile, na besi wakaingia vilevile.

"Mwalimu, umetuita," mmoja wao alisema.

"Sijawaita."

"Kiwiko imetuita," akasema mama mmoja wa alto, na kwaya nzima ikaangua kicheko. "Nyathiwa, mtoto wetu, wewe unaogopa hawa wanaume mpaka unawafukuza waingie."

Alikuwa sahihi. Mkono ulikuwa umejifunza kile nilichoufundisha. Kuanzia hapo nilikataza kichwa changu kufika kwenye kosa. Kikielekea huko nilisimama, nikarudi mwanzo wa mstari, nikausikia mkono ukiwa mzito juu ya kimya, umetulia, hauombi kitu. Nilifanya hivyo nikifua, nikingoja chai, na njia yote ya kwenda Migori, ambako makambi yalifanyika.

Sabato ile, chini ya hema, nilisimama na kuwapa watu mgongo. Mkono haukufika juu kama zamani. Ulikuwa bado mgumu, kwa hiyo niliongoza kwa ishara ndogo, karibu na kifua. Kwaya ikabidi initazame kweli. Tukafika. Sauti zikakatika. Nilisikia hema likipigwa na upepo, na mkono wangu ukakaa pale, mzito, umetulia. Nikavuta pumzi, nikaona vifua vya besi vikipanda pamoja na changu. Nikaushusha mkono, nao wakaingia kama mtu mmoja.

Sikumbuki mwisho wa wimbo. Nakumbuka jinsi nilivyokaa nikacheka peke yangu bila sauti.

Mchana tulikula pamoja kwenye majani nyuma ya hema. Yule mama wa alto alinisogezea sahani ya ugali na samaki.

"Kula, mwalimu. Tumeaibisha shetani."

Nilikuwa nimemega matonge kadhaa ndipo nilipogundua ninakula kwa mkono wa kulia. Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi hata kidogo.