Maji ya Javel

Leo jirani amesafisha choo yake na javel, ile dawa kali ya kuua vijidudu. Harufu ilipopita juu ya ukuta, nikafunga dirisha.

Nilikuwa mutoto. Waganga walinitoa kwetu Saio na homa, wakaniweka peke yangu mu chumba cha wagonjwa wa Ebola. Mama walimukataza kuingia. Na kwetu mugonjwa anaogeshwa na mama yake, ama dada yake. Mutu wa inje anakuogesha siku moja tu, ile ya kukuweka mu sanduku ya maiti.

Asubuhi muganga mwanamuke akaingia. Alivaa nguo nyeupe ya plastiki, kichwa mpaka miguu, yenye kunuka javel. Niliona macho tu. Akavuta pazia, akanivua nguo nilizochafua, akaanza kunipangusa na kitambaa cha maji ya moto: uso, kwapa, mapaja. Hakuharakisha. Ule upole ndio uliniogopesha.

"Tantine, nilisha kufa?" nikamuuliza, kama vile naita shangazi yangu.

Akaweka kitambaa kando.

"Mutu wa kufa hakojoake, mutoto yangu." Akanisogezea beseni chini ya matako. "Kojoa, tuone."

Nikasukuma. Hakuna kilichotoka. Nikalia bila sauti, maana sasa nilikuwa na uhakika.

Yeye akachota maji na kikombe, akayamwaga polepole ndani ya ndoo, tena na tena, tukisikiliza wote wawili, mpaka sauti ya pili ikajibu chini yangu, mu beseni.

Mpaka leo nikiamka na homa, mbele ya kumeza dawa, mbele ya kuita mutu, naenda kwanza kukojoa.