Mgeni Asiyeumwa na Mbu

Najua utasema ilikuwa homa. Wenzangu wa maabara walisema hivyo hivyo, wakanitoboa kidole, wakaitazama damu yangu kwenye hadubini, wasione kidudu hata kimoja. Basi nisikilize. Mie ni mtu wa sayansi, riziki yangu yote imetokana na kutilia shaka. Hili ninalokuhadithia nililiona kwa macho haya, nikiwa mzima, nimeshiba, na jua halijazama sawasawa.

Siku hizo Mwingereza bado yupo, na mie nilikuwa mgeni Dar es Salaam. Kwetu ni Mombasa. Nilisoma Kampala, nikavuka bahari hadi Bombay kusomea wadudu, na niliporudi nikaambiwa kazi ya mbu iko Tanganyika. Nikaja. Nilikuwa mtu wa kutotulia tu. Nikifika mji, mizigo haijafunguliwa nimeshauliza treni ya kwenda mbele huondoka lini. Nikiwa Bombay nawaza Kampala. Nikiwa Dar nawaza London. Jioni nafungulia redio: Kenya kuna hali ya hatari, Misri wamemfukuza mfalme wao, Bara Hindi wanajitawala, na hapa hapa Dar watu wameanza kulitaja neno uhuru, kwa sauti ya chini. Nikishasikiliza, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Dunia inakwenda, nami niko na vichupa vya mbu!

Nilipanga chumba Kinondoni, kwa Bi Tatu. Kinondoni ile si hii ya leo, ilikuwa minazi, mihogo na nyumba za makuti. Bi Tatu alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, lakini katika ucheshi wake palikuwa na mahali hapagusiki. Mumewe, Mbwana, alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya askari wao vita vya kwanza vilipoanza. Ndoa yao ilikuwa bado mbichi. Hakurudi. Hakuna aliyemwona akifa wala aliyemzika.

Fundi Faraji, mshona kanzu wa mtaa wa pili, alikuwa akimposa Bi Tatu tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Kadhi alishasema sheria inamfungua. Bi Tatu hataki.

"Nikiolewa, halafu akabisha hodi?" aliniambia siku moja, huku anakuna nazi. "Nimwambie nini, mwanangu? Nimwambie nilichoka?"

Na kweli, mlango wake wa mbele haukutiwa komeo hata usiku.

Sasa siku yenyewe. Alasiri nilishuka bondeni, upande wa Mwananyamala, penye maji yaliyotuama nyuma ya mashamba ya mpunga. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda, kukunja suruali mpaka magotini, na kungoja mbu waje kuniuma. Usicheke, ndiyo kazi niliyoisomea. Mbu akitua mguuni, namfunika na kichupa kabla hajanywa. Jua lilipoanza kuegemea minazi wakaja, kundi kwa kundi, masikio yakajaa mlio wao.

"Hodi, bwana."

Nikageuka. Kijana mwenye afya yake, kaniki kiunoni, na kichwani ana ngata, ile pete ya nguo wanayoweka wachukuzi chini ya mzigo. Mzigo wenyewe sikuuona. Nikamkaribisha. Akaketi kwenye nyasi kando yangu, akanyoosha miguu sambamba na yangu.

"Habari za huko utokako?" akauliza.

Kuniuliza mie habari! Nikamfungulia zote. Kenya, Misri, Bara Hindi, bei ya katani, kila kilichosemwa redioni juma lile. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyejibanza barazani kungoja mvua ipite. Nilipomaliza akasema:

"Na mbuzi wa Tatu, alizaa?"

"Tatu yupi?"

"Tatu binti Pazi. Nilimwacha na mbuzi mweusi, ana mimba. Nyumba ilikuwa hapo juu penye mkorosho. Nimepita, siioni. Njia zote wamezipinda."

Binti Pazi ndiye mwenye nyumba wangu! Nikadhani ni jamaa yake wa shamba. Nikamwambia amehamia kando ya barabara, mie naishi kwake, angoje nimalize tufuatane.

"Ameolewa?"

"Bado. Anamngoja mumewe."

Nikainama kumfunika mbu mguuni mwangu, jicho likaangukia mguu wake. Niamini, hapo ndipo mwili uliponisisimka. Mguu wangu ulikuwa umetapakaa mbu. Wake, ambao haukuwa mbali hata shubiri moja, haukuwa na hata mmoja. Walikuwa wanaukaribia, kisha wanakata kona. Nikwambie wewe usiyewasomea: mbu hufuata pumzi ya kiumbe na joto la damu. Humuuma mtoto, humuuma mlevi, nimewaona wakimuuma hata mgonjwa anayekata roho. Asiyeumwa ni nani? Unamjua, wala sitamtaja.

Ungekimbia? Mie nilibaki pale pale kigodani. Nikasema, sauti yangu mwenyewe naiona ngeni, "Wewe ni nani wake?"

"Mwambie mzigo nimeshautua," akajibu. "Zamani sana, kwenye matope ya Rufiji. Mwambie asiache mlango wazi."

Akasimama, akanipa mkono kuniaga. Mie ni mtoto wa Mombasa, nimelelewa kuwa mkono ukinyooshwa hupokewa. Nikaupokea. Haukuwa wa baridi kama wanavyosimulia watu. Haukuwa na baridi wala joto, ni kama nimeshika ukuni. Mbu waliotua mkononi mwangu wakaruka wote kwa pamoja. Kisha akaingia kwenye matete, na matete yenyewe hayakutikisika.

Nilifikaje nyumbani, sijui. Bi Tatu alikuwa anawasha kandili. Habari kama ile unaianzaje? Na kama si kweli, nimemwua mume wa mtu kwa mdomo wangu. Nikakaa mkekani, nikajikuta nasema tu:

"Bi Tatu, uliwahi kufuga mbuzi mweusi?"

Kibiriti kikamuunguza kidole.

"Nani kakwambia?"

"Kuna mtu kaniuliza kama alizaa."

Akacheka. Wallahi alicheka, kicheko cha msichana, nikaogopa kuliko nilivyoogopa bondeni. "Mapacha," akasema. "Alizaa mapacha, juma lile lile walilomchukua. Nami ningempelekea wapi habari?" Kisha akaketi chini, akalia mpaka majirani wakajaa uani. Nikamweleza yote. Hakuniuliza kama nina hakika.

Kulipokucha alimwita shehe, ikasomwa hitima, naye akakaa eda. Mtaa ukagawanyika. Wapo waliosema mgeni wa Mombasa kamchezea akili mama wa watu, wapo waliosema Faraji ndiye aliyenituma. Faraji mwenyewe alinifuata chumbani, akafunga mlango.

"Bwana, niambie kweli," akasema. "Nimemngoja miaka yote hii. Ila kwa uongo simtaki."

Nikamwapia. Eda ilipoisha wakaoana. Kanzu ya ndoa aliishona mwenyewe, na fundi yule hodari alikosea, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko wa pili. Wakaishi kwa raha mpaka Mungu alipowachukua.

Na mie? Mkono wangu huu wa kulia, tangu siku ile mbu hawaugusi. Nimeuingiza kwenye kizimba cha mbu wenye njaa mbele ya wenzangu, wakakimbilia pembeni. Wa kushoto ukaingia, ukatoka umevimba. Chai ya moto naishika siisikii. Kutotulia kwangu hakujapona, nimehama miji mingi tangu hapo, ila sasa siondoki bila kumwambia mke wangu ninakwenda wapi na kwa njia gani.

Kwa hiyo wewe unayependa safari, jioni ikikukuta penye maji, akaja mtu usiyemjua, mjibu salamu yake. Mwonyeshe njia. Kama una habari za kwao, mpe, maana huenda ametoka mbali kuzifuata. Lakini mkono usimpe. Mie wanangu hakuna aliyewahi kuwaambia lolote, na bado tukitaka kuvuka barabara hugombania kuushika mkono wangu wa kushoto.